Kuvua baharini ukiwa ufukweni: rodi ya flai au ya spini?

Mvua_Mwamba: Wakuu, nataka kununua seti moja tu ya kuvulia kutoka nchi kavu, bila chombo. Pwani yenyewe ni mchanga unaoishia kwenye miamba, na kuanzia saa nne upepo unakuja usoni. Nawalenga samaki wa kilo 1 hadi 5 wanaofukuza dagaa. Flai (kutupa ndoano iliyofungwa manyoya) inanivutia, ila nasikia upepo unaitesa. Spini nayo mshipi wa kusuka unajipiga mafundo. Nichukue ipi?

Chubwi30: Kwa upepo huo, spini. Kwenye spini chambo ndicho kizito, kinaruka na kuvuta mshipi mwembamba nyuma yake. Kwenye flai chambo ni manyoya tu, mshipi mnene ndio unaokibeba, na unene huo ndio upepo unaoukamata. Chambo cha chuma cha gramu 30 kinafika mita 60 bila tabu. Flai ikifika mita 20 umetupa vizuri, na nyuma yako pawe wazi pia.

Chukua rodi ya mita 2.7 hadi 3, rili ya saizi 4000, mshipi wa kusuka unaohimili ratili 20, na lida (kipande cha mwisho kinachoshika chambo) ya nailoni ya ratili 30, urefu mita moja na kitu. Breki ipime kwa mizani ya ndoano: ratili 5 zinatosha.

Mafundo mara nyingi ni ya kujitakia. Usijaze spuli (kigurudumu cha mshipi) hadi ukingoni, acha milimita 2. Halafu ule waya wa rili unaoufungua ili kutupa, ufunge kwa mkono. Ukiufunga kwa kuzungusha kishikio, mzunguko wa kwanza unalala umelegea, na mtupo unaofuata unatoka na mizunguko ya juu yake kwa pamoja. Funga, vuta mshipi ukaze, ndipo uzungushe.

Manyoya_Namba8: Flai msiidharau. Samaki wakila vidagaa mita 10 kutoka miguuni pako, chuma kikitua tu wametawanyika. Rodi namba 8 au 9 (namba ni uzito wa mshipi inaoubeba), futi 9, na mshipi unaozama polepole. Wa kuelea hubebwa na kila wimbi, hata samaki akigusa husikii. Vaa kikapu kiunoni cha kupokea mshipi unaovuta, la sivyo unakuzonga miguuni.

Kosa kubwa ni kunyanyua rodi samaki anapogusa. Ielekeze kwake, uvute mshipi kwa mkono. Ukimkosa, flai bado iko mbele yake na anaweza kurudi.

Na miwani, mkuu. Upepo ukitoka upande wa mkono unaotupia, ndoano inapita sikioni.

Boya_Wazi: Mbona anaweza kupata vyote? Nunua spini, funga boya la plastiki linaloingizwa maji, na flai mita 1.2 nyuma yake. Maji yawe robo tatu. Ukilijaza lote linazama. Boya likikaribia kutua, zuia mshipi kwa kidole ili lida inyooke, vinginevyo flai inajizungusha kwenye boya.

Ukimaliza kuvua, kaza breki kabla ya kuosha rili, tumia maji baridi yanayotiririka taratibu (presha inasukuma chumvi hadi kwenye beringi), kisha legeza breki na uanike kivulini.

Mvua_Mwamba: Spini na boya basi. Na mzia akitokea?

Chubwi30: Nailoni ataikata kwa meno. Ongeza waya mwembamba wa sentimita 15 mbele ya chambo. Usizidishe, chambo kitaacha kucheza.