Laini mbili za intaneti kwenye kompyuta moja: nafanyaje kasi zijumlishwe?

Swali

Habari wakuu. Kompyuta ni Windows 11. Wi-Fi inatoka kwenye rauta ya 4G, ikipimwa inatoa 20 Mbps. Simu ya Android imechomekwa kwa waya wa USB, laini ya kampuni nyingine, inatoa 12 Mbps. Zote ziko hewani, lakini nikipakua faili kasi haivuki ile ya laini moja. Nilizichagua zote mbili nikabonyeza Bridge Connections, intaneti ikapotea kabisa. Natanguliza shukrani.

Jibu 1

Mkuu, kwanza vunja hiyo bridge. Inaifanya mitandao miwili iwe kama swichi moja, haijumlishi kasi hata kidogo.

Windows hufuata namba iitwayo metric. Njia yenye namba ndogo inabeba mzigo wote, nyingine inakaa akiba. Andika `Get-NetIPInterface` kwenye PowerShell (dirisha la Windows la kuandika amri) utaziona. Kuzifanya namba hizo ziwe sawa hakusaidii kwa uhakika, kwa sababu muunganisho mmoja hauwezi kukatwa vipande ukapita njia mbili bila upande wa pili kujua kuvirudisha pamoja.

Dawa ya kupakua ni kufungua miunganisho mingi, mingine ipite huku, mingine kule. Programu ya bure ya aria2 inafanya hivyo. Tazama anwani zako mbili za IP (namba ya kompyuta yako kwenye kila mtandao) kwa amri ya `ipconfig`, kisha andika (weka anwani zako badala ya hizi):

`aria2c --multiple-interface=192.168.8.100,192.168.42.15 -x 8 -s 8 -k 1M "kiungo cha faili"`

Usiiache `-x`: bila kuiandika, aria2 hufungua muunganisho mmoja tu kwa kila seva. Kikomo chake ni 16. `-s` ni idadi ya vipande vya faili. Na `-k`, yaani ukubwa wa chini wa kipande, isipowekwa huwa 20M, hivyo faili isiyofika MB 40 haigawanywi. Seva nayo lazima ikubali kutoa faili kwa vipande; zipo zinazokataa, na hapo hakuna ujanja.

Ukifanikiwa tarajia karibu MB 4 kwa sekunde, maana 20 na 12 ni 32 Mbps, na ukigawa kwa 8 (baiti moja ni biti 8) ni 4. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance: grafu za Wi-Fi na Ethernet zipande zote mbili. Simu ya USB huonekana pale kama Ethernet.

Jibu 2

Naongezea kabla hujalaumu aria2. Hakikisha kila laini inatoka yenyewe, kwa amri hii inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo kwenye intaneti:

`curl.exe --interface 192.168.42.15 https://ifconfig.me`

Rudia kwa anwani ya Wi-Fi. Majibu yakiwa tofauti, uko sawa. Wi-Fi ikikatika ukichomeka simu, iunganishe kwa mkono. Windows ikishapata Ethernet huwa haioni haja ya Wi-Fi.

Wanaotumia rauta ndogo mbili za aina moja, angalieni anwani. Zote zikiwa 192.168.8.1 zitagongana. Ingia kwenye mipangilio ya mojawapo uifanye 192.168.9.1. Na laini mbili za kampuni moja zikishika mnara uleule uliojaa watu, mnagawana foleni ileile.

Jibu 3

Hayo yote ni ya kupakua. Kikao cha video au kupandisha faili moja kubwa ni muunganisho mmoja, kwa hiyo unahitaji seva ya katikati inayokusanya vipande: huduma ya Speedify kwa urahisi, au programu ya OpenMPTCProuter kwenye seva unayokodi na rauta unayoiandaa mwenyewe. Seva iwe karibu. Ukiwa Dar, ya Nairobi au Johannesburg ni nafuu kuliko ya Ulaya, kwani kila kipande kinapitia huko kwanza.

Laini moja ikiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 40 na nyingine 300, vipande vya ile ya haraka vitasubiri vya ile ya polepole, na video itakwama zaidi ya ulivyokuwa na laini moja. Kwa kikao, iweke ya polepole iwe akiba tu. Tovuti za benki pia zipitishe laini moja: anwani ikibadilika katikati, nyingi hukutoa nje. Na bando zote mbili zinaliwa kwa pamoja, kwa hiyo zima data ya simu upakuaji ukiisha.