Mrejesho: asili ya neno helikopta

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza neno la Kiingereza «helicopter» linakatwa wapi, kwa kuwa wanafunzi wangu walishikilia kuwa ni «heli» na «copter». Nilifuata kwanza ushauri wa kuanzia «helios», yaani jua, kama ilivyo katika heliamu, lakini haukufaa, kwani sauti ya k inabaki bila mwenyewe. Uliofaa ni ule wa kurudi kwenye Kifaransa, ambako Gustave de Ponton d'Amécourt aliunda «hélicoptère» mwaka 1861 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: «helix», ambalo shina lake ni helik- na maana yake ni kitu kilichojiviringa kama parafujo, na «pteron», yaani bawa. Kwa hiyo mkato ni helico na pter, pter ileile iliyomo katika jina la pterodaktili, yule mtambaazi wa kale aliyeruka kwa mabawa. Darasani mfano huo wa pterodaktili ndio uliowashawishi wengi, ingawa wachache bado wanabisha, wakitaja «heliport», yaani kiwanja cha helikopta, neno ambalo kwa kweli limezaliwa na mkato huohuo wa kimakosa.