Lushoto: kabichi zinafunga, wadudu mafuta hawasikii dawa

mkulima_lukozi:
Wakuu habari za jioni. Niko Lukozi huku, baridi ya mwezi wa saba wenyewe mnaijua, ukungu ukishuka jioni mpaka kesho saa nne ndo unamwona jirani. Nina kabichi zimeanza kufunga, nilishaanza kuongea na dalali wa Dar, sasa wadudu mafuta wamevamia, wale wa kijivu kama wamepakwa unga. Jani la moyo limejikunja, ukilifunua ni wao tu wamebanana. Dukani nimepewa dawa nimepuliza nikarudia, maji yanateleza juu yao yanadondoka chini wenyewe wapo. Mi nilijua baridi hii ingewamaliza. Msaada tafadhali.

mama_bustani_soni:
Pole mgosi. Baridi ya huku haiwaui, inawapunguza kasi ya kuzaa tu. Kule Ulaya kwenye theluji wakubwa wanakufa yanabaki mayai kwenye mabua, huku kwetu wanazaa mwaka mzima na jike hahitaji hata dume. Huo unga ni nta, ndo maana maji hayashiki. Changanya sabuni kidogo kwenye bomba, ile ya kawaida ya maji, ila anza na vichwa vichache uangalie kesho yake kama majani hayajaungua. Pua ya bomba iingie chini ya jani, watu wengi tunapuliza juu juu tu. Na usipulize asubuhi majani yana maji, dawa inakwenda na umande, subiri yakauke.
Kichwa kilichofunga na wadudu wako ndani, achana nacho, kata toa nje ya shamba.
Swali: visiki vya kabichi za msimu uliopita umefanyia nini?

mkulima_lukozi:
Vipo dada, viko tuta la juu vimechipua, nyumbani wanachuma mboga humo.

mama_bustani_soni:
Basi utapuliza mpaka uchoke. Wanatoka hukohuko, wakijazana wanaota mabawa wanahamia kwenye changa. Ng'oa vyote, na hapo usirudishe kabichi wala sukuma wala chainizi, panda karoti au maharage.

kijana_wa_muheza:
Mwarobaini jamani!! Mbegu zilizokauka gramu 50 kwa lita moja ya maji, twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka sabuni, puliza jioni maana jua linaua nguvu yake. Huku kwetu mbegu zinaoza chini ya miti bure.

mzee_magamba:
Kijana, mwarobaini huku juu haupendi baridi, atume mtu amletee na basi. Na jioni ndo ukungu unashuka, kwa wingu la mwezi wa saba apulize tu saa tano majani yakikauka.
Mimi naongezea konokono wale wasio na nyumba, kipindi hiki wanakula majani ya chini usiku na wewe unasingizia viwavi. Ukiona ute unang'aa asubuhi ndo hao. Majivu watu wanayasifu lakini yakishalowa ni kazi bure. Tandaza gunia bichi kati ya matuta jioni, asubuhi lifunue uwaokote, bata wanawapenda sana.
Halafu zile dawa kali za kuua kila kitu punguzeni, zinaua na vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi ambavyo vinakula wadudu mafuta, baada ya wiki mbili wanarudi wengi kuliko mwanzo.

mkulima_lukozi:
Shukrani sana shikamoo mzee. Visiki kesho naanza kung'oa. Sasa naweza kumpa ng'ombe? Ule upande nao nilipitisha bomba siku ileile.

mzee_magamba:
Marahaba. Usimpe bado. Soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kama wameandika habari ya mifugo fuata hiyo, na kama karatasi ya chupa imetoka, hivyo visiki fukia tu chini sana ukanyagie udongo. Hata hiyo mboga ya nyumbani waambie waache kuchuma.

mkulima_lukozi:
Karatasi ipo ila maandishi madogo, ngoja nimwite dogo anisomee.