Uzi wa gari la kwanza la kijana: mlinunua lipi, na bima mlikata vipi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi: Wakuu, habari za majukumu. Binti yangu kapata leseni, na tangu hapo nyumbani hakukaliki, kila jioni naonyeshwa picha ya gari jingine kwenye simu. Gari tutalipata. Kinachonitoa jasho ni bima. Nilipouliza kwa jina langu bei ilikuwa ya kawaida. Nilipotaja umri wake na leseni yake changa, ikaruka. Mliokwisha kupita hapa, naomba mtiririke: gari gani, bima kubwa au ndogo, na jina la nani kwenye karatasi? Madalali pumzikeni kidogo, uzi huu ni wa waliotoa hela mfukoni.

Baba wa wawili: Mkuu, usilipie gari kabla ya kuuliza bima yake. Mimi nilimpelekea wakala majina ya magari matatu, nikaomba makadirio ya kila moja dereva akiwa kijana. Lile alilolitaka mwanangu, lenye tabo (turbo, ya kuongeza nguvu ya injini), ndilo lilikuwa rahisi kununua, lakini bima yake haishikiki. Wanaangalia nguvu ya injini, bei ya spea, hata kama ni gari linaloibwa sana. Tukachukua sedani ya injini ndogo, ya kizee kidogo. Alinuna, kisha akazoea.

Bima ndogo na sioni aibu: Sisi gari lilikuwa limechoka, na bima kubwa ya mwaka ingekula sehemu nzuri ya bei yake. Tukakata ndogo. Ila ujue inamlipa uliyemgonga tu. La kwako utatengeneza mwenyewe, likiibwa ndiyo basi.

Shangazi mtu: Kuhusu jina, sikilizeni haya ya mpwa wangu. Gari la kijana, analala nalo chuoni, lakini kwenye fomu dereva mkuu kaandikwa baba ili bei ishuke. Siku kagonga gari la mbele, akaja mkaguzi mpole kweli, anauliza maswali mepesi mepesi: gari hulala wapi? Asubuhi nani huliwasha? Baba huenda nalo kazini? Kijana akajibu yote kwa ukweli, maskini, hakujua fomu inasemaje. Madai yakakataliwa, kwamba taarifa zilikuwa za uongo. Matengenezo yote yakarudi kwa familia.

Mleta uzi: Shangazi, hapo umenigusa. Ndiyo ushauri niliopewa juzi na rafiki, "andika jina lako yaishe."

Baba wa wawili: Jina la mzazi si kosa kama kweli mzazi ndiye analiendesha zaidi na kijana katajwa kama dereva wa ziada. Kosa ni kuficha. Kwangu anaendesha wikiendi tu, na imeandikwa hivyo.

Niliwahi kufanya kazi ya bima: Nawaombeni msome kile kipengele cha kiasi ambacho mwenye bima anabeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa kitu. Bima nyingi zinaongeza juu yake kiasi kingine dereva akiwa na umri mdogo, mara nyingi chini ya miaka 21 au 25, au leseni yake ikiwa haijatimiza mwaka. Kijana anarudi nyuma, bampa linakutana na nguzo, gharama ya fundi haifikii hata hicho kiasi. Mzazi anatoka ofisini akisema kaibiwa, kumbe sahihi yake iko chini ya maneno hayohayo.

Jingine ni kushusha thamani ya gari ili ulipe kidogo. Gari la milioni 10 ukiliandikisha kwa 6, likapata hasara ya 5, kampuni inaweza kukulipa kwa uwiano huohuo, yaani 3.

Kijana mwenyewe: Shikamooni. Mimi ni mmoja wa hao vijana mnaowajadili. Kwangu kampuni ya bima ilifunga kile kifaa cha kurekodi mwendo, kinaona spidi, breki za ghafla na safari za usiku wa manane. Mwanzoni nilihisi nafuatwa, ila wakati wa kuhuisha bima, bei ilishuka. Na mzee alipiga marufuku kubeba washkaji miezi ya mwanzo. Alikuwa sahihi bwana, wanne wakipiga kelele nyuma huoni hata kioo.

Fundi: Watu wanaangalia rangi na redio. Kwa dereva mchanga mimi natafuta ABS (breki zisizofunga tairi ukikanyaga ghafla), eabegi (mfuko wa hewa), na ESC, ule mfumo unaolituliza gari likianza kuteleza kwenye kona. Ukifungua swichi, taa ya eabegi inatakiwa iwake kidogo kisha izime. Isipowaka kabisa usifurahi, kuna wanaoiua makusudi kuficha ubovu. Tairi nazo usidanganywe na kashata, yale meno ya mpira: tafuta tarakimu nne ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata gari likilala.

Mleta uzi: Fundi, kuna moja naenda kuliona Jumamosi. Nije na nini?

Fundi: Njoo na mimi, au fundi mwingine unayemwamini. Na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hamjafika, tulikute injini ikiwa ya baridi.