Ulinganisho: shule ya bweni ya wasichana ichague njia gani kabla ya Januari 2021?

Mwalimu_Ukambani – 11 Agosti 2020

Ndugu walimu na wazazi, ninaongoza shule ndogo ya kibinafsi ya wasichana katika Kaunti ya Machakos, nayo bodi yetu itakutana Jumamosi, tarehe 22, kuamua tutakavyojipanga. Tangu tulipofunga mwezi Machi kwa sababu ya korona tumekuwa tukipanga mambo ya wiki mbili mbili, huku tukingoja tangazo linalofuata. Tangazo la Waziri wa Elimu, Magoha, la tarehe 7 Julai, kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na kwamba shule zitafunguliwa Januari 2021, lilituumiza, lakini limetupa miezi kadhaa ya kufikiri, na singependa miezi hiyo nayo ipotee.

Njia zilizo mezani ni tatu. Ya kwanza ni kusubiri Januari na kuwapokea wasichana wote 240 kwa pamoja. Ya pili ni zamu: Kidato cha Nne wakae bwenini muhula mzima, na vidato vingine vipokezane kila baada ya wiki tatu. Ya tatu ni kufundisha kwa mbali kuanzia sasa na kuendelea hata baada ya kufungua, kwa kutumia simu, vitini vilivyochapishwa na vipindi vya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, vinavyorushwa kupitia redio ya KBC na runinga ya Edu.

Wiki iliyopita niliingia bwenini na matroni tukiwa na futi ya kamba. Kutoka kitanda hadi kitanda tulipata sentimita 74. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya vitanda na njia ya mita 2 katikati ya bweni, kwa hivyo tulikuwa tumekiuka kanuni kabla korona haijajulikana, na nimeamua kuliambia bodi jambo hilo waziwazi. Tukitenganisha vitanda kwa mita moja na nusu na kuacha vya juu vitupu, bweni lililokuwa likilaza wasichana 60 litalaza 18. Mabweni ni manne.

Naomba mnisaidie kulinganisha njia hizi, hasa ninyi mliokwisha kujaribu mojawapo.

Mhasibu_Kando

Mwalimu, naomba nianze na hesabu yako mwenyewe, kwa maana imekwisha kuamua jambo moja. Mabweni manne kwa wasichana 18 ni nafasi 72. Kidato cha Nne wako wangapi? Wakikaribia 60, njia ya pili kama ulivyoieleza haiwezekani, kwa sababu kidato kitakachokuja kwa zamu hakitakuwa na mahali pa kulala, isipokuwa mgeuze ukumbi au maktaba kuwa bweni.

Kuhusu fedha, walimu wa shule za umma wanaendelea kulipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, lakini sisi tunaotegemea karo tumewapa watu wetu nusu mshahara au likizo bila malipo, na baadhi yao hawatarudi. Kwa kuwa madarasa yote yatarudiwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwaka huu haitafanyika, Januari hakuna Kidato cha Kwanza kipya, wala zile ada za kujiunga ambazo shule nyingi huzitumia kuziba mapengo ya mwanzo wa mwaka. Zamu nazo zina gharama iliyojificha. Mwalimu atalifundisha somo lilelile mara mbili au tatu, na mpishi, mlinzi, maji na jenereta vitaendelea kulipiwa kama kwamba shule imejaa, ilhali mzazi atadai, na kwa haki, alipe karo ya wiki ambazo mtoto yuko shuleni tu. Ushauri wangu ni mtoze karo kwa mwezi badala ya muhula, na bajeti ya bodi iandikwe mara mbili: moja ya shule iliyo wazi na nyingine ya shule iliyofungwa tena mwezi Machi.

Mama_wa_Kidato_cha_Pili

Mimi si mwalimu, ni mzazi mwenye kibanda cha mboga Thika, na ninaomba radhi ikiwa maneno yangu yatakuwa marefu. Shule ya binti yangu ilichagua njia ya tatu mnamo Aprili. Kila asubuhi saa mbili masomo huingia katika kikundi cha WhatsApp, lakini simu yenye WhatsApp nyumbani kwetu ni moja, nami huondoka nayo saa kumi na moja alfajiri kwa sababu wateja hulipa kwa M-Pesa. Ninaporudi jioni, binti yangu amekwisha kupika, kufua na kuwaogesha wadogo zake wawili, kisha anaketi na simu hiyo saa tatu usiku akinakili mlinganyo wa kemia kutoka kwenye picha ya ubao. Kioo kimepasuka pembeni, na tarakimu ndogo zilizoandikwa chini ya herufi hazionekani, kwa hivyo alinakili ukurasa mzima bila hata moja. Aliuliza katika kikundi, na hakuna aliyemjibu.

Kaka yake, aliye shule nyingine, haombwi kupika. Hilo ni kosa langu na ninalirekebisha, lakini ninalitaja kwa sababu ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi, na shule ya wasichana inayopanga masomo ya nyumbani haina budi kujua saa ambazo msichana ni huru kusoma. Vitini vilinifaa kuliko simu. Mwezi Juni shule ilianza kuvituma kwa bahasha kupitia ofisi ya matatu, nami nilivichukua stendi kila Ijumaa.

Mwalimu_Morogoro

Nawasalimu kutoka Tanzania. Huku shule zilifungwa tarehe 17 Machi, Kidato cha Sita wakarudi tarehe 1 Juni na kuanza mtihani wao tarehe 29 Juni, siku ambayo madarasa mengine nayo yalifunguliwa. Kwa hiyo tumeionja njia yako ya kwanza. Mimi nafundisha shule ya bweni ya wasichana, na ninakiri kwamba mwezi ule mmoja tuliokuwa na Kidato cha Sita peke yao ulitusaidia sana: tulijifunza wapi foleni ya kunawa mikono inasongamana na nani anavua barakoa wakati wa kula, tukarekebisha tukiwa na watoto wachache. Waliporudi wote kwa siku moja, mizigo, wazazi na magari vilijaa getini na ule utaratibu ukavunjika kabla ya adhuhuri. Wapokee kwa siku tofauti, hata kama wote watarudi wiki moja.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Siku ya kufungua tuliita majina, na wapo ambao hawakuitika. Wengine wazazi walishindwa ada. Wawili walikuwa wajawazito, na kwetu, hadi sasa mwaka 2020, binti wa namna hiyo hana njia ya kurudi katika darasa la kawaida la shule ya serikali. Ninyi Kenya mna mwongozo wa kuwarudisha shuleni tangu 1994. Utumieni.

Muuguzi_2015

Naunga mkono, na ninaongeza kile nilichokiona nikiwa miongoni mwa wahudumu wa afya waliokwenda Sierra Leone wakati wa Ebola. Shule huko zilifungwa katikati ya 2014 na kufunguliwa Aprili 2015, na masomo ya redio yalikuwepo muda huo. Zilipofunguliwa, wasichana waliokuwa wajawazito walikatazwa kuingia darasani, na katazo hilo liliondolewa Machi mwaka huu. Huo ni takriban miaka mitano, na msichana wa miaka 15 hangojei miaka mitano.

Mwezi Juni takwimu za mimba za wasichana Machakos zilizua mabishano makali. Sina haja ya kuingia katika hesabu hizo, kwa kuwa mwalimu mkuu anahitaji kujua habari za wasichana wake 240 tu.

Mwalimu, kumbuka pia sodo. Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma, na wa shule za kibinafsi hawamo. Kama mlikuwa mkizinunua kwa karo, basi tangu Machi hawajapata. Zitieni katika bahasha ya vitini. Na katika zile nafasi 72, ondoeni walau nne za chumba cha kuwatenga wagonjwa.

Mwalimu_Ukambani – 16 Agosti 2020

Nawashukuru nyote. Kidato cha Nne ni 58, kwa hivyo Mhasibu yuko sahihi, na zamu niliyokuwa nimeipendelea imeanguka kabla ya kufika kwa bodi. Nitapendekeza tujiandae kuwapokea Kidato cha Nne peke yao kwanza, wiki mbili au tatu kabla ya wengine ikiwa wizara itaturuhusu, na ukumbi ugeuzwe bweni ifikapo Novemba. Karo itatozwa kwa mwezi. Bajeti zitakuwa mbili.

Lakini maneno ya Mama wa Kidato cha Pili yamenifanya nianze na jambo lisilongoja Januari wala bodi. Nina walimu 15 waliobaki, kila mmoja atapewa wasichana 16, na kazi yake ya kwanza ni kumpigia kila msichana mara moja kwa wiki, saa ambayo msichana mwenyewe ameichagua, kabla ya kumuuliza lolote kuhusu masomo. Vitini na sodo vitatoka kila Alhamisi kwa matatu, kwa kuwa tangu Julai magari yanaruhusiwa tena kuingia na kutoka Nairobi, ambako wengi wao wanaishi. Nilimwita matroni jana tukaanza daftari. Tumepata nyumba saba ambazo simu zake hazipatikani tangu Juni, nne kati yake zikiwa hapa hapa kaunti, na hizo tutaziendea kwa pikipiki kesho asubuhi.