Kibali cha kutumia maji kinatosha kwa mtambo wa kumenya kahawa?

Katibu wa kikundi, Hai
Ndugu zangu, kikundi chetu kina mtambo mdogo wa kumenya kahawa mbivu, na kibali cha kutumia maji ya mto tulikipata Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Msimu uliopita maji ya kuoshea kahawa yaliteremka yenyewe hadi kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, na majirani wa chini wakalalamikia harufu. Baadhi ya wanachama wanashikilia kwamba aliyeruhusiwa kuchota maji ameruhusiwa pia kuyarudisha. Je, ndivyo sheria inavyosema?

Fundi wa maji, Moshi
Sivyo, ndugu katibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatenganisha mambo hayo: kutiririsha majitaka kuna kibali chake, nacho huombwa katika bodi hiyohiyo ya bonde. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoingia mtoni yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani kiasi cha oksijeni kinachotumika uchafu unapooza, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, isiwe chini ya 6.5. Maji ya kumenyea kahawa hufikisha maelfu ya miligramu, kwa sababu ute wa kahawa una sukari nyingi; ukilala siku moja au mbili huchacha, pH hushuka hadi karibu 4, na samaki hukosa hewa. Zungusheni maji yaleyale kwa kazi ya siku nzima, tengeni maganda yakiwa makavu kwa ajili ya mboji, kisha kilichobaki kituame kwenye mashimo na kutiwa chokaa.

Mama mkulima wa Machame
Mimi nipo upande wa chini wa mfongo mwingine, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Mwezi wa kumi maji yalinifikia yakiwa meusi, yenye povu lililoganda kwenye majani ya ukingoni, na ng'ombe wangu alinusa ndoo akageuza kichwa. Nilimwagilia migomba kwa maji hayo kwa sababu sikuwa na mengine. Kabla ya kujaza fomu yoyote, nendeni mkazungumze na wanaotumia mfongo huo.

Bwana shamba mstaafu
Naongeza jambo ambalo husahaulika: mavuno yetu hukutana na mvua za vuli, na shimo lililojaa hufurika usiku mmoja tu, hata kama lilichimbwa vizuri. Zungushieni mtaro wa kukinga maji ya mvua, ili yapite pembeni yakiwa safi. Kadhalika, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mahali mnapochanganyia mrututu, yaani dawa ya shaba ya kuzuia chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, pawe nje ya mita hizo pia, kwa maana shaba hiyo huua viumbe wa majini.

Katibu wa kikundi, Hai
Nashukuru sana. Leo asubuhi tumepima kwa futikamba, na shimo letu liko mita 38 kutoka mtoni. Tutalifukia na kuchimba jingine upande wa barabara, na Jumamosi wanachama wawili watakwenda kwa majirani wa chini kabla ya kupeleka maombi Moshi.