Meseji haziendi Pemba, simu inasema haikutumwa

Binti Jadida, Leicester
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba msaada kwa anojua mambo ya simu. Tangu Ijumaa nikimuandikia mama Wete meseji inazunguka kidogo halafu inaleta alama nyekundu, haikutumwa. Kupiga napiga, WhatsApp inakwenda, ila mama ana kitochi tu, na mnajua kule kwetu mvua ikishika maongezi yanakatakata lakini meseji hupenya. Leo nimekwenda duka la mtandao wangu hapa, nimepanga foleni nusu saa, kijana kaizima simu kaiwasha, kajitumia meseji mwenyewe ikafika, kanambia simu nzima line nzima, tatizo liko huko huko Afrika. Nimetoka na uchungu wallahi. Bando langu limeandikwa meseji bila kikomo. Simu ina line mbili, ya hapa na 0777 yangu ya nyumbani kwa ajili ya OTP, zile namba za siri za mara moja za benki. Nifanye nini?

Mpemba wa Aarhus
Wa alaykum salaam dada. Angalia ulivyoisevu namba ya mama, kama umeiandika 0777 ifute uweke +255777, ile sifuri ya mbele huku nje haifanyi kazi. Miye ilinitesa miezi. Pili SMSC, kama simu yako ni iPhone piga *#5005*7672# itakuonesha namba ya kituo cha meseji, ikija tupu basi huo ndo ugonjwa.

Kaka wa Mlandege, Toronto
Yakhe tusome kwanza kabla ya kujibu. Kasema mama anampigia na anampata, sasa namba ingekuwa mbovu angempataje? Na SMSC ingekuwa tupu ile meseji ya kijana wa dukani ingefikaje? Dada, ingia kwenye mazungumzo yako na mama uangalie yanatokea line ipi. Simu nyengine za line mbili hushika line ulotumia na mtu yule, kama ni 0777 na haina salio la roming basi haitoki hata ungojee mpaka mwezi uandame.
Na hiyo 0777 itie vocha uitumie. Yangu niliiacha kwenye droo karibu mwaka, ikafungwa akapewa mtu mwengine, OTP za benki yangu zikawa zinakwenda kwa bibi mmoja wa Fuoni. Nilipokwenda nyumbani kusajili mpya nikaulizwa NIDA, kitambulisho cha taifa. Nna pasi ya Canada, NIDA sina tena. Nimesajiliwa kama mgeni, alama za vidole na pasi mkononi, duka lenyewe liko hatua hamsini kutoka nyumba nilozaliwa.

Bi Mkubwa wa Coventry
Mwanangu pole. Meseji bila kikomo ni za namba za Uingereza tu, Tanzania wanahesabu mbali. Halafu kuna kepu, sheria iloanza kazi 2018 hapa inawalazimisha mitandao kumpa mteja nafasi ya kuweka kikomo cha bili, na kama wewe au mumeo mliweka sifuri basi chochote nje ya bando kinazuiliwa. Mie yalinikuta hayo hayo.

Mpemba wa Aarhus
Bi mkubwa na kupiga je? Kepu ikizuia meseji itaachia kupiga?

Bi Mkubwa wa Coventry
Huenda ana bando la kupiga nje mwanangu. Nimesema aangalie.

Ami wa Mkoani, Muscat
Hilo la Kaka wa Mlandege limenichoma. Mtu wa Pemba akichukua pasi ya nje anavuliwa uraia siku hiyo hiyo, lakini pesa zake za skuli na za paa la msikiti zinapokelewa. Uraia pacha tumeuzungumza mpaka mvi zimetutoka.
Na wanosema meseji zimepitwa na wakati mimi siwakubali. Usiku ilozama meli ya Spice Islander, kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mdogo wangu alikuwa Unguja na alinambia anarudi Pemba kwa meli ile. Nimekaa na simu mkononi, napiga hapatikani, napiga hapatikani. Baada ya sala ya alfajiri ikaingia meseji, neno moja tu, "sikupanda". Simu ile ninayo mpaka leo.

Nipo Wete
Binti Jadida, nimepita kwa mama baada ya laasiri. Nimemkuta barazani na jamvi lake anachambua karafuu, makonyo upande mmoja. Mzima, anakusalimu. Nikamuomba kitochi nikiangalie, kimeandika nafasi ya meseji imejaa. Nikataka kumfutia za zamani akaninyang'anya. Anasema hizo ni za wanawe, za mwaka ule ulojifungua zimo humo, jioni humwita mtoto wa jirani amsomee. Basi nadhani tatizo ndo hilo.

Kaka wa Mlandege, Toronto
Allah akulipe kwa kwenda, lakini silo. Kitochi kikijaa meseji husubiri kituoni, kwa alotuma itaonesha imekwenda. Yake haitoki kwenye simu kabisa. Ni mambo mawili mbali mbali. Dada hujatujibu, ni line ipi?

Binti Jadida, Leicester
Shukran sana nyote. Namba ni +255. Line ni ya hapa, nimeangalia mara mbili. Bi mkubwa maneno yako kweli, bando la kupiga nje ninalo, na kepu nimeikuta sifuri, nimeipandisha pauni tano, nimezima nimewasha, nimetuma sasa hivi, nyekundu vile vile. Kesho narudi dukani na simu ya shoga yangu, tuitie line yangu tuone kosa la simu au la line.
Ndugu ulo Wete, tafadhali mwambie mama asifute hata moja. Kuna mtu anasafiri wiki ijayo, ntampa kitochi chengine chenye nafasi, cha zamani akiweke. Na ile meseji ya Ijumaa nilikuwa namwambia mjukuu wake kahitimu juzuu amma, msomee wewe.